Mama Mheshimiwa, usiache ukunga

Swali limetoka kwa dada mmoja wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nalifupisha. Mumewe ameingia bungeni mara ya kwanza, yeye mwenyewe ni mkunga wa serikali kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu, HC III, hapo hapo jimboni. Anaandika hivi: “Salaam aleikum mama. Tangu tushinde watu wameacha kuniita jina langu, ni Mama Mheshimiwa tu. Saa kumi na mbili asubuhi uwanja umejaa, huyu karo, huyu bili ya hospitali, huyu kaleta kadi ya harusi anataka niwe mgeni rasmi. Chama kinataka niache kazi niongoze ligi ya wanawake wilayani. Na kuna bwana wa Kampala anasema tufungue shirika kwa jina langu, wafadhili atatafuta yeye. Niache kazi? Shirika nifungue? Na hawa wa uwanjani niwafanyeje, manake mshahara wangu tarehe tano umeshaisha.”

Waaleikum salaam binti yangu, na hongera, na pole, pokea zote mbili. Nimefanya kazi ya protoko na ushauri kwenye nyumba za wanasiasa miaka mingi, wabunge, wenyeviti wa wilaya, waziri mmoja wawili, kwa hiyo huo uwanja wako naujua hata kama sijafika: kuna benchi chini ya mwembe, kuna mtoto wa ndugu anaandika majina kwenye kaunta buku kana kwamba ni kliniki, na wewe uko ndani na yunifomu yako unachungulia pazia unajiuliza utokee mlango gani uwahi zamu.

Nianze na kazi, jibu lake ni fupi. Usiache. Hayo mambo mawili, kubaki mkunga na kuongoza ligi, hayakai pamoja na wewe mwenyewe umeshahisi hivyo ndo maana unauliza. Sheria ya vyama vya siasa ya 2005 inamkataza mtumishi wa umma kushika cheo cha chama au kukipigia kampeni, kwa hiyo ukisema ndiyo kwa ligi umesema hapana kwa serikali, na siku mpinzani wa mume wako akitaka kukuchafua hatahangaika kutafuta kosa lingine. Ila kama moyoni unajua unataka kugombea siku moja, kiti cha mwanamke wa wilaya au chochote, hiyo ni habari nyingine, hapo Katiba inakutaka ujiuzulu siku 90 kabla ya kuteuliwa rasmi kuwa mgombea, na uifanye kwa hesabu zako, si kwa sababu mwenyekiti wa chama amekuja nyumbani akanywa chai akakusifia.

Na mke wa kiongozi kuwa na kazi yake si ajabu. Jill Biden alifundisha kwenye chuo cha jamii kule Virginia mumewe akiwa makamu wa rais, na akaendelea mumewe alipokuwa rais wa Marekani. Hapa kwetu Winnie Byanyima alikuwa injinia wa ndege na mbunge wa Mbarara kabla hajaolewa na mwanasiasa wa upinzani Besigye 1999, baadaye akaongoza shirika la misaada la Oxfam, 2019 akaenda kuongoza UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la ukimwi, na mume wake alipokamatwa Nairobi Novemba 2024 akarudishwa Kampala jela, dunia ilimsikiliza huyo mama kwa sababu alikuwa na jina lake mwenyewe la kusimamia. Jina hilo hakupewa na ndoa. Wewe la kwako ni ukunga, na niamini, kwenye tarafa yenu mkunga ana heshima ambayo mbunge akiipata anachinja ng'ombe.

Sasa nije kwenye kitu ambacho wake wengi wa waheshimiwa hawaambiwi mapema. Cheo unachoitwa hakipo. Katiba yetu ya 1995 haina ofisi ya mke wa rais, sembuse ya mke wa mbunge, huna bajeti, huna sahihi, huna hata nafasi kwenye orodha ya protoko, kwenye hafla ya tarafa mwenyekiti wa LC3, baraza la tarafa, yuko juu yako na RDC, mkuu wa wilaya wa kuteuliwa, yuko juu yenu nyote kwa sababu yeye anamwakilisha rais. Watu wakikupa kiti cha mbele ni adabu yao tu. Na pesa ya umma ikijaribu kuingia kwenye hicho kiti watu wanakasirika, sio hapa tu. Ghana 2021 walileta mpango wa kuwalipa mshahara wake wa rais na makamu, kelele zilivyopanda mama Rebecca Akufo-Addo, mke wa rais wakati huo, akarudisha serikalini marupurupu aliyokuwa amelipwa, na 2024 mahakama yao kuu kabisa ikasema kuwalipa hao mishahara ni kinyume cha katiba. Kenya Julai 2024, vijana wamejaa barabarani, Rais Ruto akatangaza bajeti ya ofisi ya mke wa rais na ya mke wa naibu wake zifutwe. Pesa ya hicho kiti ilifutwa kwa tangazo la siku moja, ndo ujue kilikuwa kimesimama wapi.

Ulichonacho wewe ni mlango. Ukipiga simu kwa DHO, afisa wa afya wa wilaya, anapokea. Ukiingia kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, hukai kwenye kiti cha kusubiri tangu asubuhi mpaka saa nane kama mkunga mwenzako wa kituo jirani. Hiyo ndo nguvu yote uliyopewa, kusikilizwa tu, na kosa la kwanza la wake wa viongozi ni kuigeuza kuwa nguvu ya kugawa, sabuni, chumvi, khanga, magodoro, wakati hiyo nguvu ingekwenda kusumbua ofisi zenye bajeti.

Ngoja nikupe hadithi ya pedi manake inaonyesha hili vizuri kuliko maneno yangu. Kampeni za 2016 Rais Museveni aliahidi pedi za bure kwa wasichana wa shule. Mwaka huo huo mke wake, Mama Janet, akawa waziri wa elimu na michezo. Februari 2017 ndo yeye, mke, aliyesimama bungeni kusema hela ya pedi hakuna kwenye bajeti. Yaani ahadi ya bwana ikaangukia mezani kwa bibi. Dkt. Stella Nyanzi, msomi na mwanaharakati, akaanzisha kampeni yake ya kuchangisha pedi, akaandika maneno makali mno, Aprili akakamatwa, nchi nzima ikawa inagombana kuhusu lugha na pedi zenyewe zikasahaulika pembeni. Mimi hapo sitazami nani mbaya. Natazama kitu kimoja: mume akiahidi jukwaani, watu wanakuja kudai kwako, uwe na wizara au usiwe nayo. Kwa hiyo kabla hajaahidi kitu cha akina mama au watoto mwambie akuulize kwanza, na wewe umuulize swali moja tu, iko kwenye vote gani, yaani fungu gani la bajeti. Kama haiko popote, asiseme.

Huyo huyo Mama Janet ana upande mwingine ambao nadhani haujasomwa vya kutosha. 1986, vita vimeisha, yatima wa Luwero wamezagaa, akina mama wakaanzisha UWESO, shirika la kusaidia yatima, na yeye akiwa mbele, na mwanzoni ilikuwa kazi ya huruma, chakula, nguo, blanketi. Halafu ukimwi ukaongeza yatima kuliko vita vyenyewe na ikaonekana wazi kwamba blanketi halimalizi kitu, mtoto analala kwa bibi yake na bibi hana kipato. Ndo miaka ya 90, IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kilimo, na wenzao wakiwa wameingia, UWESO ikageukia vikundi vya akina mama wanaolea yatima, wakaweka akiba na kukopeshana. Hapo ndo kazi ilipopata miguu kwa maoni yangu, ilipoacha kumpa mtoto na kuanza kumwezesha anayemlea. Kwenye ukimwi pia alisema sana, kuacha ngono kabla ya ndoa hasa, na alipingwa sana na watu wa kondomu, ule ugomvi wa 2004 wengine tunaukumbuka, na hata leo naona alikaza upande mmoja kupita kiasi wakati vijana walihitaji kusikia yote. Lakini alipokuja kuwa mstari wa mbele kwenye kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto, hapo alishika kitu ambacho kina kipimo, kina dawa, kina kituo, na kina mtu wa kuulizwa. Wewe mkunga unajua naongea nini, mama amepimwa au hajapimwa, mtoto amepata sirapu ya kinga au hajapata.

Tofauti hiyo iweke akilini unapochagua jambo lako. Chagua kitu ambacho mtu anaweza kwenda kuhesabu.

Jirani yetu Margaret Kenyatta, mumewe akiwa rais wa Kenya, alianzisha Beyond Zero, kampeni ya afya ya mama na mtoto, Januari 2014, akakimbia marathoni ya London Aprili, saa saba na dakika chache njiani, mke wa rais mwenye umri wake, mimi nilimpigia makofi na bado nampigia. Pesa zikapatikana, kila kaunti katika zile 47 ikapangiwa gari la kliniki. Shida ilianza baada ya kukata utepe. Afya tayari ilikuwa imeshapelekwa kaunti tangu 2013, dereva ni wa kaunti, mafuta ni ya kaunti, nesi ni wa kaunti, na baadhi ya magari yakaja kusimama. Gari linapewa na mtu mashuhuri siku moja, mafuta yanahitaji mstari kwenye bajeti kila mwaka. Kwa hiyo bwana yeyote akikuletea ambulansi ya kuchorwa jina la mume wako mlangoni muulize kwanza nani atalipa dereva.

Haya, kwenye kituo chako. Wewe unajua chumba cha kujifungulia kina taa au hakina, unajua usiku mnashika simu kwa meno mkimshonea mama, unajua mama kit, vile vifurushi vya vifaa vya kujifungulia, zimeisha lini na mama anaambiwa akanunue glavu na wembe kwenye duka la ng'ambo. Hilo ndo jambo lako, moja tu. Taa na maji kwenye vyumba vya kujifungulia vya HC III zote za jimbo. Si afya ya mama na mtoto kwa ujumla, hiyo ni kauli ya bango. Andika kila kituo kina nini hakina nini, ukurasa mmoja. Wakunga wenzako watakwambia kwa WhatsApp jioni moja, ila namba ya kila kituo iwe imethibitishwa na in-charge wake, msimamizi wa kituo, usije ukaaibika. Ule ukurasa upitie kwa in-charge wako mwenyewe kwanza, manake yeye ni bosi wako na tayari anakuogopa kidogo, usimruke. Halafu kamati ya usimamizi wa kituo, ile HUMC, halafu LC3, halafu DHO. Na muda wake ni huu: mkutano wa bajeti wa wilaya hufanyika kati ya Oktoba na Novemba, baada ya hapo karatasi za mfumo wa bajeti zinaenda Kampala, ukija na ombi lako Machi unakuwa unaomba fadhila, ukija Oktoba unaomba mstari. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Wake wa waheshimiwa wengi hawajawahi kukanyaga huo mkutano, na uko wazi, mwananchi yeyote anaingia. Nenda na gomesi yako, kaa na wakunga, usikae meza ya mbele, nyoosha mkono kama wengine.

Mume wako kazi yake ni upande wa pili, kule bungeni aulize pesa ya PHC, ya huduma za msingi za afya, ya wilaya inatosha nini, na akipewa kamati aombe ya afya. Hapo mnafanya kazi moja kutoka ncha mbili bila wewe kutumia cheo ambacho hakipo.

Nitakachosema kuhusu uwanjani hutakipenda. Huwezi kuwalipia wote na ukijaribu utafilisika, nimeona nyumba imeuzwa, nyumba kweli, ya matofali ya kuchoma na mabati mapya, muhula mmoja tu wa bunge. Na ukilipia nusu, nusu nyingine ni maadui. Wana haki ya kuja lakini, hilo usilisahau, gari la mheshimiwa limenunuliwa kwa kodi, bunge lililoanza 2021 kila mmoja alipata milioni 200 za gari na watu walisikia redioni, sasa unamwambiaje bibi wa watu hakuna hela? Unachoweza ni kuhamisha foleni. Uwanja wa nyumbani ufungwe kwa shida za ofisi, mume afungue ofisi ya jimbo mjini na msaidizi anayelipwa, siku mbili kwa wiki, na yule mtoto wa ndugu na kaunta buku yake ahamie huko. Mtu wa karo unamwelekeza, kuna ile ya mkopo wa wanafunzi kwa waliofika chuo, kuna basari ya wilaya kama ipo, mtu wa biashara unamuuliza PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, ya parokia yake, ile milioni 100 ya kila parokia kwa mwaka, amejiandikisha kwenye SACCO, chama cha akiba na mikopo, au hajajiandikisha, chifu wa parokia amemwambia nini. Nusu ya watu pale chini ya mwembe wanahitaji mtu wa kuwasomea karatasi na kupiga simu moja. Mgonjwa mahututi na msiba, hao hawahamishwi, hao utatoa, toa kidogo na utoe kama jirani.

Na ukitoa kwenye msiba toa mkononi kwa mwenye msiba. Kile kitendo cha MC kuchukua bahasha akatangaza kwa spika “Mheshimiwa na Mama Mheshimiwa, laki mbili!” halafu watu wanapiga vigelegele kwenye maziko, kikomeshe mapema, mwite MC pembeni kabla. Kwanza ni aibu kwa maiti. Pili kesho msiba mwingine watasubiri laki mbili na wewe umebaki na elfu ishirini. Tatu, na hii ndo ya sheria, muda wa kampeni ukifika mgombea na wakala wake hawaruhusiwi kuchangisha wala kutoa michango, na mahakama inaweza kufuta ushindi wa mbunge kama kosa limefanywa na yeye mwenyewe au kwa yeye kujua na kukubali. Mke anayelala naye nyumba moja, hakimu ataamini kweli kwamba bwana hakujua ile sukari ya kikundi cha akina mama? Kuna watu wamepoteza viti mahakamani kwa mambo madogo hivyo. Kampeni zikianza wewe funga mkono kabisa, hata kanisani hata msikitini.

Mgeni rasmi kwenye harusi, kwanjula ile sherehe ya utambulisho, na kadhalika, kubali chache za watu unaowajua na useme wazi umekuja kama nani. Ukitumwa na mume kumwakilisha soma salamu zake, dakika tatu, kaa chini. Wanaume waliooa waheshimiwa wala hawapati kero hii, mume wa Nabbanja, mama aliyeteuliwa waziri mkuu 2021, nani anamtafuta afungue wodi ya wazazi? Tanzania mume wa Rais Samia, Mzee Hafidh, huonekana mara chache na hakuna anayemlaumu. Mke ndo anatarajiwa awe mama wa jimbo zima. Nasema tu.

Sasa yule bwana wa Kampala. Hapana, angalau kwa sasa, na hapana kabisa kwa jina lako. Shirika si fomu tu, sheria ya 2016 inataka usajiliwe, upate kibali, kamati ya wilaya ikupitishe, usaini makubaliano na wilaya kabla hujafanya kitu, na inakataza shirika kuchangisha au kufanya kampeni kwa ajili ya chama au mgombea. Fikiria sasa shirika lenye jina la mke wa mbunge linagawa neti jimboni mwa mbunge, na vijana waliovaa fulana zenye picha yake ndo wanabeba maboksi. Utaeleza nini? Tena muulize huyo bwana maswali haya uone uso wake: sahihi za benki ni za nani, mkaguzi wa hesabu ni nani, mshahara wake yeye utatoka wapi, na muhula ukiisha mume wangu akishindwa, wafadhili watabaki? Wengi wa namna hii nimekutana nao, wanauza ukaribu, na vitu vya umma vikipita njia za ukaribu mwisho wake tuliuona 2023 na mabati ya msaada wa watu wa Karamoja yaliyoishia kwa wakubwa, mpaka mawaziri wakafikishwa mahakamani.

Kama unataka chombo cha kufanyia kazi, kipo tayari, chama cha wakunga, kikundi cha VHT, wahudumu wa afya wa kijiji, SACCO ya akina mama, hospitali ya misheni iliyo karibu. Jiunge kama mwanachama, leta ule ukurasa wako. Tazama jinsi Nnabagereka Sylvia Nagginda, mke wa Kabaka wa Buganda, alivyofanya: taasisi yake ina jina na bodi tangu 2000, Ekisaakaate cha watoto kimeanza 2007 na kinarudi kila mwaka, na siasa za vyama haziingii kwa sababu Katiba haimruhusu kiongozi wa kimila kuingia humo. Wewe nafasi yako inaruhusu vurugu zaidi, kwa hiyo jilinde zaidi.

Jambo la mwisho ni la chumbani na ni la sheria pia. Mume wako kama mbunge anatakiwa kutangaza mali zake kwa IGG, mkaguzi mkuu wa serikali, chini ya sheria ya maadili ya viongozi, na fomu ile inauliza na za mke. Kaeni siku moja, mzime simu, muandike shamba lako la kwa baba, pesa yako ya SACCO, bodaboda uliyomnunulia mdogo wako, kila kitu, na uone alichoandika yeye pia kabla hakijapelekwa. Mtu akikuletea zawadi jina lake na kitu chenyewe viingie kwenye daftari siku hiyo hiyo. Na kuhusu jina, kule kazini waambie wenzako waendelee kukuita sista kama zamani, wodini hakuna Mama Mheshimiwa, la sivyo wagonjwa wataanza kuruka foleni kwa kutaja jina lako na wewe ndo utakayeulizwa.